Kumlazia Vumbi Baba wa Mvua

Nchi hii haipo. Nalisema hilo mapema, asije mtu akanikunja shati njiani akaniuliza, "Wewe, ulikuwa unamsema nani?" Simsemi mtu. Nchi yenyewe hata jina haina. Kamati ya kuipa jina iliundwa tangu uhuru na mpaka leo inasubiri akidi. Wenyewe tunaiita Nchi Yetu, wageni wanaiita Ile Nchi, na maisha yanaendelea.

Mimi huko nina cheo. Ni Kiongozi wa Makofi, Kata ya Chemchemi. Msicheke. Kupiga makofi kila mtu anajua. Kuyaanza, hapo ndipo penye kazi. Ukiwahi, umemkata mheshimiwa kauli. Ukichelewa, umempinga. Kwa hiyo mimi hukaa mstari wa mbele, viganja vimelala mapajani, nasikiliza pumzi ya msemaji, na ikikatika tu, pah! Nyuma yangu kata nzima inaitikia. Watu wamenizoea kwa jina la Mzee Makofi, hata lile nililopewa na mama yangu silisikii tena.

Tena kuna kanuni moja iliyo juu ya kanuni zote: jambo likishapigiwa makofi, limepita. Halirudi. Ndivyo tulivyopata Wizara ya Theluji. Mheshimiwa mmoja alikuwa anasimulia tu safari yake ya Ulaya, akanyamaza kidogo ameze mate, mtangulizi wangu akawahi. Mtangulizi aliondolewa kazini. Wizara ipo, na ina manaibu waziri wawili.

Kata yetu inaitwa Chemchemi kwa ukarimu wa waliochora ramani, maana chemchemi yenyewe hatujawahi kuiona. Mabomba tunayo, tena ya kupendeza, yamepakwa rangi za bendera. Waziri wa kwanza aliyazindua, wa pili akayazindua upya, wa tatu akaja kuadhimisha uzinduzi. Ukifungua koki unasikia fyuuu, hewa. Wataalamu wa Wizara ya Maji Yajayo wametueleza kwamba hiyo ni dalili njema, kwani panapopita hewa na maji yatapita. Tulishukuru. Kuna kata jirani ambako hata hewa haitoki.

*

Mwaka ninaousimulia, mvua ilisusa kabisa. Mito ikabaki mchanga, ng'ombe wakabaki mbavu. Wapo wakorofi walioanza kuuliza inakuwaje kiongozi wetu mkuu aitwe Baba wa Mvua na mvua yenyewe haionekani. Walijibiwa redioni siku ileile: mzazi hapangiwi lini azae.

Kisha Baba wa Mvua mwenyewe akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimekaa, nimefikiri, nimegundua. Maji ni machache kwa sababu mnayatumia!"

Nilikuwa nyumbani nasikiliza redio, nikapiga makofi. Mke wangu akatoa kichwa jikoni. "Kwani anakusikia?" Nikamwambia kazi ni kazi.

"Tena mnayatumia mara moja tu, mnayamwaga," Baba wa Mvua akaendelea. "Huo ni uvivu wa maji! Je, mimi nimetumika mara moja nikamwagwa? Nimetumika awamu ngapi? Basi na maji yafuate mfano wa viongozi wao. Kuanzia leo, tone halistaafu! Maji yaliyooga, yafue. Yaliyofua, yapige deki. Yaliyopiga deki, yamwagilie mchicha. Na atakayekula huo mchicha asitoke jasho ovyo!"

Kwa kweli ilikuwa hotuba nzuri. Bango lenye maneno "Tone Halistaafu" likasimamishwa kila kona, na kila bango lilioshwa kila asubuhi ili lisomeke.

*

Sasa kampeni ilihitaji kaya ya mfano, na kwetu Chemchemi hakukuwa na ubishi: ni kwa Bi Mwanahiti.

Bi Mwanahiti ni mama wa makamo, mjane, mfupi, mwenye ulimi. Huyu hakungoja hotuba. Tangu nimfahamu, maji ya kuoshea mchele kwake hayajawahi kugusa ardhi bure. Yanaoshea vyombo vya mafuta, kisha yanakwenda kwenye mchicha. Anaoga ndani ya beseni, na beseni hilo linaloweka nguo. Maji ya kufulia yanapiga deki, na ya deki yanamalizikia chooni. Ukimtembelea ukanawa mikono, anakinga. Unaona haya mwenyewe.

Na yote hayo alikuwa anayafanya kwa sababu ya pipa moja. Lilikuwa la bluu, limekaa pembeni mwa kitanda chake, limefunikwa ubao, na juu ya ubao kafunga kanga kwa fundo la kishirikina kabisa. Ndani yake yalikuwa maji safi, ya kununua na ya kuteka mbali, ndoo juu ya ndoo. Hayo hayakuguswa na mtu. Yalikuwa ya Somoe, binti yake, ambaye tumbo lilikuwa limeshuka na siku zake zilikuwa zimefika.

Zahanati yetu, mjue, ina kila kitu. Ina kibao, ina mlinzi, ina picha ya Baba wa Mvua akimkumbatia mgonjwa. Maji tu ndiyo haina. Kwa hiyo anayekwenda kujifungua huja na kanga zake, wembe wake na maji yake. Dada yake Somoe, Hadiya, alikwenda na ndoo moja ikaisha kabla hajamaliza. Wakamhudumia kwa mikono mikavu. Homa ya uzazi ikamchukua. Taarifa ya Wizara ilisema marehemu hakuzingatia matumizi bora ya maji.

Nilikuwepo msibani. Bi Mwanahiti hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye mkeka akawa anauliza kila aliyeingia, "Ndoo moja, jamani? Ndoo moja?" Mimi nikala ubwabwa nikaondoka.

*

Habari ikaja kwamba Baba wa Mvua mwenyewe atatembelea kaya ya mfano. Ohoo! Mkuu wa Wilaya, Bwana Makorongo, hakulala. Aliitisha kikao cha dharura chini ya bendera, na ajenda ilikuwa moja: vumbi.

Kwetu mgeni mkubwa halishwi vumbi. Kabla msafara haujapita, barabara inamwagiwa maji, vumbi linalala, ndipo mkubwa anapita akiwa mweupe kama alivyotoka kwake. Hiyo ndiyo inaitwa kulaza vumbi. Ni adabu tuliyoirithi kwa wakoloni, na vya wakoloni sisi hatuvitupi, isipokuwa reli.

"Mheshimiwa," nikauliza, maana na mimi ni mjumbe, "anakuja kuhimiza kubana maji. Tutamwaga maji?"

Bwana Makorongo akanitazama kwa huruma. "Mzee Makofi, wewe baki na viganja vyako. Kubana maji ni sera. Kulaza vumbi ni itifaki. Ukizichanganya unaangusha serikali."

Kila mjumbe akatoa wazo. Tangi la shule likatajwa, likaonekana lina popo. Tangi la msikiti lilikuwa na nyufa, na padri akaapa kwamba ubatizo umesimama. Mwisho mjumbe mmoja, Mungu anamjua, akasema, "Si Bi Mwanahiti ana pipa?"

"Limejaa?" akauliza Bwana Makorongo.

"Pomoni."

Mkuu wa Wilaya akasimama, akavaa kofia. "Maji yamekaa tu ndani ya pipa, hayafui, hayapigi deki, hayafanyi lolote! Ndugu zangu, Baba wa Mvua amesema tone halistaafu. Hayo yamestaafu kwa hiari!"

Pumzi ikakatika. Nikapiga makofi. Likapita.

*

Asubuhi ya ziara tukaenda kwa Bi Mwanahiti tukiwa na mgambo na mkokoteni. Alikuwa anachambua mchele barazani. Somoe alikuwa ndani, kajiegemeza ukutani, ameshika kiuno.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema Bwana Makorongo.

"Marahaba. Karibuni. Mkinawa, naweni hapo kwenye beseni."

"Hatukai. Bi mkubwa, taifa lina shida na pipa lako."

Akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama hewani. "Nimeelewa," akasema. "Maji ya uzazi mnakwenda kulinywesha vumbi."

"Si vumbi, bi mkubwa. Ni itifaki."

"Na huyo itifaki naye anajifungua leo?"

Mgambo mmoja akacheka, akakanyagwa. Bwana Makorongo akakohoa. "Utarudishiwa. Serikali haina haraka, lakini haisahau."

"Serikali hii? Serikali hii imesahau mpaka jina la nchi!" Sauti ilimpanda, ungo ukamwagika, mchele ukatapakaa barazani. "Mwanangu mmoja nimemzika kwa ajili ya ndoo. Huyu ndiye niliyebaki naye. Uchungu umeanza alfajiri. Mwacheni ajifungue, kisha njooni mchukue na pipa lenyewe, na mimi mnipakie."

Bwana Makorongo akanigeukia, akanyanyua nyusi, ishara yetu ya kazi. Viganja vikaniwia vizito. Nikapiga, lakini yalitoka makofi mawili mepesi, ya mtu anayeua mbu. Hata hivyo ni makofi, na pipa likatoka, kanga ikiwa bado imefungwa juu yake.

Aliponipita mlangoni, Bi Mwanahiti aliniambia kwa sauti ya chini, "Mzee Makofi, mikono hiyo Mungu amekupa mizuri. Ipo siku utaifanyia kazi." Nilitamani ardhi inimeze.

*

Barabara ya kwetu ni moja, nyembamba, na mbele ya lango la zahanati inashuka bondeni. Hapo ndipo Baba wa Mvua angewapungia wananchi mkono, kwa hiyo Kamati Ndogo ya Kulaza Vumbi ikaamua maji yote yaishie hapo. Udongo wa bondeni ni ule mweusi wa mbuga. Ukiwa mkavu, unga. Ukilowa, ugali.

Msafara ulitangazwa wa saa tatu. Saa tatu tukamwaga. Vumbi likalala vizuri, mtoto mchanga halali vile. Msafara haukuja. Jua likapiga, pakakauka, vumbi likaamka. Tukamwaga tena. Bado kimya. Kila pakikauka juu tulimwaga, na pipa la Bi Mwanahiti lilipokata, mgambo wakazunguka nyumba kwa nyumba wakakusanya mabeseni ya watu, maji ya kufulia, maji ya deki, mpaka ya kuloweka maharage. Kwa juu barabara ilikuwa nadhifu. Ya chini nani ayaone?

Wakati huo Somoe alipitishwa katikati yetu, anashikiliwa na mama yake na jirani, anatembea hatua moja na kusimama. Wakaingia zahanati. Ndoo waliyokwenda nayo ilikuwa tupu.

Adhuhuri imepita, ving'ora vikasikika. Pikipiki zikapita bondeni, sawa. Magari ya walinzi yakapita, yakayumba kidogo. Gari la Baba wa Mvua likapita kwa kunguruma, likarusha tope mpaka kwenye bango la Tone Halistaafu. Halafu likaja la mwisho.

La mwisho lilikuwa boza. Boza kubwa, jeupe, limejaa maji mpaka linatembea kwa heshima. Msishangae. Baba wa Mvua haogi maji ya ugenini; popote anapokwenda kuhimiza wananchi watumie maji mara mbili, maji yake ya mara ya kwanza yanamfuata nyuma. Boza likashuka bondeni, likafika mbele ya lango la zahanati, likasema *bwii*, likakaa. Tairi zikazama mpaka katikati.

Sasa tazameni mambo. Mbele ya Baba wa Mvua barabara inaishia kwa Bi Mwanahiti, hakuna pa kutokea. Nyuma yake kuna boza limeziba njia nzima. Na jioni ileile alitakiwa apande ndege kwenda ng'ambo kupokea nishani ya kubana maji. Mpambe wake akaanza kutoka jasho bila kujali sera.

"Punguzeni uzito!" akapiga kelele Bwana Makorongo.

Wakafungua koki ya boza. Jamani! Maji yakatoka kama tulivyoahidiwa na mawaziri watatu, meupe, ya baridi, yanamwagika barabarani. Tope likalainika zaidi, boza likazama zaidi. "Ongezeni!" akaamuru. Wakaongeza koki ya pili. Boza likazidi kushuka, na Mkuu wa Wilaya akazidi kuamuru.

Hapo mlango wa zahanati ukafunguliwa kwa kishindo. Ni nesi Eutropia, mikono ameinyanyua juu asiguse kitu. "Maji!" akaita. "Nahitaji maji sasa hivi, mtoto yuko njiani na mama anavuja damu! Nani ana maji?"

Mbele ya macho yake yalikuwa yanamwagika.

Bi Mwanahiti akatoka nyuma yake na ndoo. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye koki, kanga imejaa tope. Askari akamzuia kwa bunduki. "Rudi nyuma, mama. Haya ni maji ya Mheshimiwa."

"Si mnayamwaga?"

"Kumwaga tunaruhusiwa. Kukinga hatujapata maelekezo."

Bi Mwanahiti akamgeukia Bwana Makorongo. "Mheshimiwa, mnataka kupunguza uzito. Mimi nimekuja kuwasaidia kuubeba. Sisi wanawake kubeba ndiyo kazi yetu, waulizeni waume zetu, wale walio hai."

Bwana Makorongo akatazama gari la Baba wa Mvua. Wote tukatazama huko. Kioo cheusi kikashuka polepole, uso ukatokea, umevimba kwa usingizi na hasira. Bi Mwanahiti alikuwa anasukuma mbele, ndoo inagonga bunduki ya askari, ko, ko, ko. Ndani Somoe alipiga yowe.

Baba wa Mvua akafungua kinywa.

"Hayo maji..." akasema, akavuta pumzi.

Nikapiga makofi.

Sijawahi kupiga vile. Nilipiga mpaka mabega yakauma, nikasimama, nikageukia watu wangu nikapiga tena. Kata nzima ikaitikia pah! pah! pah!, wanawake wakapasua vigelegele, mgambo wakatupa kofia juu. Baba wa Mvua akaduwaa kidogo. Lakini mazoea yana nguvu: akisikia makofi, mkono wake hupanda wenyewe na meno hutoka. Ukapanda. Yakatoka. Bango nalo likapata upepo.

Mpaka leo hakuna anayejua alitaka kusema nini. Jambo lilikuwa limeshapita.

Askari akaondoa bunduki njiani, Bi Mwanahiti akakinga maji. Ndoo ya kwanza ikaingia ndani kabla haijajaa. Nyuma yake wakaja wanawake wa Chemchemi wote, na madumu, na masufuria, na sinia, mwingine alikuja na beseni la plastiki la kuogeshea mtoto. Uzito ukabebwa. Boza likapungua, likainuka, wanaume wakasukuma, likatoka.

Kutoka zahanati tukasikia kilio. Kwanza kilikuwa chembamba, kisha kikapata nguvu kikavishinda ving'ora. Nesi Eutropia akaja dirishani na mikono iliyolowa. "Wa kike! Mama mzima!"

Bi Mwanahiti akakaa palepale kwenye tope. Safari hii alilia kwa sauti, na mimi nikalia, sioni aibu kulisema.

*

Baba wa Mvua alihutubia kwa dakika chache kupitia dirisha la gari. "Mmeona!" akasema. "Maji ya kuniogesha yamemwogesha mwananchi! Tone halistaafu!" Taarifa ya Wizara ikaliita tukio hilo Mradi wa Maji wa Chemchemi, mradi wa kwanza katika historia ya nchi kukamilika siku hiyohiyo ulipoanza. Bwana Makorongo alipandishwa cheo. Alirudi siku ya arobaini ya mtoto kuomba apewe jina la mke wa Mheshimiwa.

"Ana jina," akasema Bi Mwanahiti. "Anaitwa Tope."

"Tope? Jina gani hilo la mtoto wa kike?"

"La aliyemletea maji."

Mambo yamebadilika sana kwetu tangu hapo. Chemchemi sasa inaongoza nchi nzima kwa kuomba ziara za viongozi, na huko juu wamefurahishwa na upendo wetu. Kila nyumba inatumia maji yake kama inavyohimizwa: yanaoga, yanafua, yanapiga deki. Yakishachoka kabisa, jioni watu wanayabeba kwenda kuyamwaga bondeni, mbele ya lango la zahanati, kwa ajili ya kulaza vumbi. Udongo wa pale haujakauka tena. Manaibu waziri wawili wa Theluji wameshakwama, na mkuu wa majeshi, na mabalozi, kila mmoja na boza lake, na uzito tumewabebea. Pipa la bluu limerudi pembeni mwa kitanda cha Bi Mwanahiti, na zahanati imepata mapipa yake.

Juzi nilimkuta Bi Mwanahiti bondeni, Tope yuko mgongoni, ndoo ya maji meusi iko mkononi.

"Mzee Makofi, kesho anakuja nani?"

"Mkurugenzi wa Maji Yajayo."

"Ana boza?"

"Analo. Dogo."

Akaitazama ndoo yake, akafikiri. Akamwaga nusu, akaifuta ndoo mdomo kwa upindo wa kanga.

"Nusu inamtosha," akasema. "Hii nyingine naipeleka kwenye mchicha. Tusipoteze maji."